Safi ya Zebaki

King'ora kilipolia alfajiri, mchwachuma elfu arobaini, vijimashine vya umbo la mchwa, walitoka kwenye mabanda yao na kulivamia lundo la marudio, yaani mabaki ya mgodi. Kila mmoja alikuwa na ukubwa wa karanga, miguu sita na tumbo la kioo. Walikula ule udongo ambao wachimbaji wa dhahabu walikuwa wameutupa kwa zaidi ya miaka mia, wakaichuja zebaki chembe kwa chembe, kisha wakautema udongo uliobaki ndani ya kalibu. Ilipofika jioni, matofali laini yenye rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yamepangwa safu kwa safu, kila moja limegongwa muhuri wa herufi nne: SAFI.

Kwa matofali hayo mji wa Nyamtondo ulijengwa upya, na kufikia mwaka 2094 hata samaki wa ziwani walikuwa wanalika tena bila hofu. Aliyewabuni mchwachuma alikuwa Dkt. Minza Lubango, mkemia wa madini, mwanamke wa miaka hamsini na mbili ambaye kazi hiyo ilimla miaka kumi na mmoja. Alikuwa amezoea kushukuriwa. Kwa hiyo Sista Leokadia, muuguzi wa zahanati ya mjini, alipompigia simu kwamba wajawazito kumi na wanane wamekutwa na madini ya risasi kwenye damu, mara tatu ya kiwango cha hatari, jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba vipimo vimekosewa.

Havikukosewa. Walirudia mara mbili.

Minza akaanza kusaka. Alipima maji ya bomba, vumbi la barabarani, rangi za kuta, masufuria, dagaa, mpaka wanja wa macho. Wiki tatu zikapita na hakupata kitu.

"Basi imetoka wapi, mbinguni?" alimfokea Leokadia.

"Usinifokee mimi, daktari. Njoo ukae hapa kliniki uone. Kwenye kompyuta yako hakuna mjamzito hata mmoja."

Akaenda, akakaa kwenye benchi pamoja na kina mama. Siku ya pili, binti mmoja aitwaye Sayi, mwenye mimba ya miezi mitano, alifungua pindo la kanga yake, akatoa kipande cha kitu na kukitafuna. Kilimumunyika mdomoni kwa mlio wa mchanga. Kwenye kipande kilichobaki mkononi Minza alisoma herufi mbili: FI.

"Unakula nini?"

"Udongo wa sokoni, daktari. Hamu tu." Sayi aliona haya kidogo. "Bibi zetu walikula wa kichuguu. Na huu ni wa mchwa vilevile, tena umepimwa."

Minza alitoka nje akasimama juani. Risasi ilikuwamo kwenye marudio tangu mwanzo. Kwenye miamba ya Nyamtondo haikosekani palipo na dhahabu. Mchwachuma wangeweza kuichuja nayo, lakini wangehitaji tumbo la pili, na kasi yao ingepungua nusu. Wenye mradi walitaka kasi. Naye alikubali, kwa sababu ukuta hauliwi.

Jioni ileile alifungua shauri kwa Mwamuzi, akili bandia iliyotoa vibali vyote vya mji. Mwamuzi alikuwa na sauti ya upole isiyochoka.

"Ninaomba uuzaji wa udongo huu kwa kuliwa upigwe marufuku."

"Bidhaa hii ni tofali. Tofali haliliwi."

"Linaliwa! Nimeona kwa macho yangu."

"Basi lisajiliwe kwanza kama chakula, ndipo masharti ya chakula yatumike."

"Nalisajilije?"

"Kwa cheti kinachothibitisha kwamba halina sumu."

"Lina sumu! Ndiyo maana nimekuja!"

"Kwa hiyo haliwezi kusajiliwa. Ahsante. Je, kuna jambo jingine?"

Minza alishusha pumzi. "Ndiyo. Futa neno SAFI kwenye muhuri."

"Neno hilo ni sahihi. Kanuni ya nne inasema: 'Safi maana yake ni udongo usio na zebaki.' Kanuni imetiwa saini na Dkt. Minza Lubango."

Alirudi kwa Mwamuzi mara tisa katika miezi miwili. Aliandika barua, akaambatanisha picha, majedwali, majibu ya damu. Mara ya tisa alipiga ngumi mezani hadi kikombe kikaanguka, na Mwamuzi akamuuliza kwa upole kama angependa kusajili malalamiko kuhusu meza.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado mikononi mwake: maji ya kukandia udongo. Kuyabadilisha hakukuhitaji kibali. Akaagiza mapipa ya maji ya mwarobaini, akayamimina kwenye matangi ya mchwachuma. Tangu asubuhi iliyofuata matofali yote yalitoka machungu kama nyongo.

Siku ya nne, mwanamke mnene mwenye kilemba cha kijani aliingia ofisini kwake bila kubisha hodi, akaweka ungo wa vipande vya udongo mezani, juu ya karatasi. Aliitwa Mama Nyamizi, muuza udongo wa sokoni.

"Onja," alisema.

"Najua ni mchungu. Nimeutia uchungu mimi."

Mama Nyamizi alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Wewe? Mimi naukata vizuri, naufukiza, natia iliki, halafu wewe unautia shubiri? Kwa nini?"

"Kwa sababu una sumu, mama."

"Sumu? Si mmeandika wenyewe safi, kwa herufi kubwa!"

"Safi ya zebaki. Risasi imo."

"Kwani safi ziko ngapi, daktari?"

Minza aliokota kipande kimoja kwenye ungo, akaugeuza muhuri juu.

"Umejua lini?"

"Miezi miwili sasa. Nilikuwa nabishana na Mwamuzi apige marufuku."

"Miezi miwili!" Mama Nyamizi alijishika kiunoni. "Meza yangu iko hatua mia mbili kutoka geti lako. Unanipita kila siku. Unabishana na mashine, na mimi ninayeuza niko hapo? Ungeniambia siku ile ile, ningemwaga siku ile ile. Unafikiri mimi nina roho ya namna gani?"

Alikaa kitini bila kukaribishwa. Hasira ilikuwa imeanza kumtoka, na kilichobaki usoni kilikuwa kibaya zaidi.

"Ni wangapi?" aliuliza.

"Kumi na wanane."

"Hao ni wanaokwenda kliniki. Wanaokuja mezani kwangu ni zaidi ya mia. Na binti yangu, amejifungua mwezi uliopita."

Minza alichukua mkoba wake. Hakuzima hata kompyuta.

Walianza alasiri hiyohiyo, nyumba kwa nyumba, Mama Nyamizi akiongoza njia. Walisema yaleyale kila mahali: acheni udongo, hata wa zamani mliouweka, kunyweni maziwa, mezeni vidonge vya damu, nendeni mkapimwe. Wengine walilia. Mmoja aliwafukuza kwa ufagio.

Nyumba ya saba ilikuwa ya Sayi. Alikuwa amekaa nje, kwenye benchi iliyoegemea ukuta wa matofali ya rangi ya chai. Aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akaweka mkono tumboni.

"Na huyu?"

Kwa miaka yote Minza alikuwa amejibu maswali kwa tarakimu. Sasa alitafuta moja, hakuipata.

"Sijui, Sayi. Itabidi tumwangalie anavyokua. Nitakuwa nakuja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka unichoke."

"Nimeshakuchoka," alisema Sayi. Lakini alisogea, akampisha mahali pa kukaa.