Ijumaa Chini ya Tuta

Simu ndogo ya Nokia ilitetema chini ya jora la kitenge. Radhia Salem alikuwa anampimia mteja mita nne. Aliibana simu begani, akaendelea kupima.

"Sindano," alisema, jina lake la siri.

"Pilipili imeingia sokoni." Ilikuwa sauti ya mkuu wake, Prudence, kutoka ofisi ya Idara ya upelelezi kule Kiriri. "Bandarini. Mzigo wa asubuhi."

Ikakatika.

Pilipili maana yake baruti. Ilikuwa Ijumaa, saa tano na robo.

Radhia alifunga duka, mteja akabaki mlangoni mdomo wazi. Mjini walimjua kama binti wa Mzee Salem, mwenye maneno makali na bei isiyoshuka. Ile bastola ya Glock kiunoni hawakuijua, na heri yao.

Bandarini alimkuta Djibril amekaa juu ya gunia tupu, anajisugua shingo. Miaka ishirini anapakua meli kwa kichwa.

"Radhia, ile sima apana sima."

"Si saruji? Ulifungua mfuko?"

"Kufungua ya nini? Kichwa yangu inajua. Sima inalala, inakaa ngumu. Hii ilikuwa inatembea. Mifuko makumi tatu, yote inatembea! Na ule muzungu anapiga kelele tusiangushe hata moja. Nani anaogopa kuangusha sima?"

Wangetumia winchi, siri yao ingepona. Lakini waliona shingo za watu ni rahisi kuliko winchi.

"Mzigo wa nani?"

"Mji Mpya. Hilux nyeupe, imeshika njia ya Gatumba." Djibril alimeza mate. "Bibi yangu iko kule na batoto. Chini ya tuta."

"Mpigie simu atoke."

"Simu yake imezima. Umeme hakuna tangu juzi."

Radhia hakuhitaji kuelezwa zaidi. Familia mia nne ziliishi nyuma ya lile tuta la mto Rusizi, na mara tatu zilikataa kuhama kuupisha mradi wa Mji Mpya. Tuta likipasuka, hakuna wa kuuliza. Watu wangesema ni mafuriko tu, kama ya miaka ile. Jumatatu kiwanja kingekuwa kitupu.

Aliwasha Yamaha.

Barabara ya Gatumba ilijaa baiskeli za ndizi na malori ya Uvira. Alipenya katikati yao kwa hasira, pikipiki ikilia. Alipita bango kubwa la mradi. Mapaa yanayokunywa jua. Basi za umeme. Mifereji ya maji ya kijani, nyumba juu ya nguzo, bustani kwenye kila baraza. Looh, mji mzuri! Aliyeuchora alikuwa Adil, mdogo wake Radhia, na kwa miaka miwili mfano wake wa karatasi ngumu ulikaa juu ya kabati la mama yao. Radhia mwenyewe alikuwa akiufuta vumbi, akijivuna.

Redio ya Motorola ilikoroma.

"Sindano, uko wapi?"

"Darajani. Ni tuta. Wanataka kulipasua."

"Askari watafika baada ya dakika arobaini."

"Sina arobaini."

"Najua," Prudence akasema.

Hilux ilikuwa imesimama juu ya tuta, nyuma tupu. Ardhi pembeni ilikuwa imechimbwa na kufukiwa. Maxime, yule mzungu, mkurugenzi wa mradi, aliona pikipiki akachomoa bastola.

Radhia alijitupa chini.

Risasi ya Maxime ilivunja kioo cha pikipiki. Ya Radhia ikavunja bega la Maxime. Mzungu alibiringika hadi kwenye tope la mto, akakaa humo akitukana kwa Kifaransa.

Mlango wa Hilux ukafunguka upande wa pili.

Alishuka Adil. Mkononi alishika rimoti yenye taa nyekundu.

Bastola ya Radhia haikushuka.

"Iweke chini."

"Dada, rudi nyuma. Sikiza kwanza." Uso wake ulikuwa umelowa jasho. "Hakuna mutu atakufa. Mi ndiye nimechagua saa! Maxime alitaka usiku, batu wakilala. Mi nikakataa. Nikasema Ijumaa, saa ya khutba, wakati wote wako msikitini kule juu barabarani. Maji itabeba manyumba matupu."

Adhana ilikuwa imeanza. Ilisikika vizuri kabisa.

"Kila mwaka maji inawafukuza, wanalala kwenye mahema," Adil aliendelea. "Mi nitawaweka juu ya nguzo, Radhia. Maji safi, taa usiku kucha. Ni wao nimewachorea!"

"Bonyeza!" Maxime alipiga kelele kutoka topeni. "Bonyeza, mjinga we!"

Kidole gumba cha Adil kilipanda juu ya kitufe.

"Nitakupiga, Adil. Wallahi nitakupiga."

Na angempiga. Alimbeba mgongoni huyu, alimfundisha kufunga kamba za viatu, na angempiga.

"Nijibu kitu kimoja," alisema polepole. "Ijumaa, we na baba mukitoka msikitini, munakuta nini mezani?"

"Pilau. Kwa nini?"

"Nani anapika?"

"Mama na we."

"Tangu una miaka saba, saa hii unakwenda na baba. Haujawahi kuwa nyumbani hata Ijumaa moja. Mi niko jikoni na mama, naosha mchele. Geuka. Angalia chini."

Akageuka.

Moshi wa makaa ulipanda kutoka kila ua. Mwanamke alikuwa anakamua nguo, mwingine anatwanga. Watoto walikuwa wanafukuza kuku. Bibi kizee mmoja alikaa mlangoni na sufuria, anapepea moto.

"Mawe!" Adil alisema, kama anayemwita mama. "Mawe, Radhia. Wote wako hapa."

Akashusha mkono. Radhia alimnyang'anya rimoti, akatoa betri, akaitupa mtoni. Halafu akamfunga pingu yeye mwenyewe, akiangalia pembeni.

"Kiriri, hapa Sindano. Tuta ni zima. Mahabusu wawili, mmoja ana jeraha."

"Majina?"

"Maxime, mkurugenzi." Alivuta pumzi. "Na Adil Salem."

"Salem wa kwenu?" Prudence aliuliza.

"Mama mmoja, baba mmoja. Leteni gari."

Askari walipofika, aliokota kofia yake ya pikipiki, akashuka kwenye tuta bila kugeuka. Lilikuwa bovu kama zamani, na mvua za Aprili zilikuwa njiani.

Nokia ilitetema.

"Radhia, muko wapi, wanangu?" Ilikuwa sauti ya mama yake. Nyuma yake sufuria ziligongana. "Baba yenu amerudi. Pilau inapoa."

"Nakuja, mama."

"Na Adil?"

Radhia aliwasha pikipiki.

"Weka sahani moja, mama."