Mzizi Uliovikwa Sanda

Zama zile mji wa Shungi ukingali na ukuta wake wa matumbawe, na siwa yake, baragumu la enzi, ikisikika hadi mashamba ya mbali, jeshi la Amiri Shekue liliuzingira mwezi mzima na siku saba. Amiri hakuwa na haraka. Alijua Malkia Mwana Rukia yu kitandani, hali wala hanywi, na wazee wa mji walikwisha kunong'onezana kwamba akifa, watafungua lango.

Tumaini la mji lilikuwa kwa Mize, mpika dawa wa malkia, msichana aliyeona haya hata kuitikia salamu. Kabla njia hazijafungwa alitumwa bandari ya kusini, ambako merikebu za Wachina zilishusha hariri na vyombo vya kaure. Kwa pembe mbili za ndovu alipewa mzizi mmoja tu. Mfanyabiashara alimweleza, kwa ulimi wa mkalimani, kuwa kwao huitwa mzizi-mtu, kwani una kiwiliwili, mikono na miguu. Ukichemshwa kwa moto mdogo humrudishia nguvu aliyekwisha kuagana na dunia. Mfanyabiashara akauzungushia kitambaa cha bafta nyeupe, akatia kafuri wadudu wasiusogelee, akaulaza kisandukuni.

Siku ya tisa ya safari ya kurudi, lango likiwa limeshaonekana, askari wenye ngao za ngozi ya kifaru walimzuia. Walipomwuliza amebeba nini, ulimi ulimganda. Wakampeleka kwa Amiri.

Amiri, mtu mzima mwenye joho jeusi na jambia kiunoni, alifungua kisanduku mwenyewe. Harufu ya kafuri ikamjia. Akafunua ncha ya kitambaa, akaona miguu miwili midogo, rangi ya nta, imekunjamana. Akafunika upesi na kugeuza uso. Maana pwani ile bafta na kafuri ni vya maiti, na maiti haitazamwi na asiyehusika.

"Inna lillahi," akasema. "Ni wako, mwanangu?"

Mize aliinamisha kichwa. Akisema ni dawa, itatupwa motoni na malkia atakufa. Akisema ni mtoto, atakuwa amezua maiti kwa kinywa chake, na hilo hakulithubutu. Machozi ya hofu yakamtoka, naye Amiri akayafahamu alivyoyafahamu.

Askari mmoja alikwisha kushika jembe achimbe kaburi papo hapo. Ndipo Mize alipopata sauti.

"Kwetu ni ndani ya ukuta, bwana. Niache nifike nacho nyumbani."

"Hatupigani na maiti," Amiri akawaambia watu wake. Wakalaza mikuki. Akainua mikono, akaiombea nyumba ya msichana yule subira, na uhai pale ulipopungua. Jeshi zima likaitikia amina, kisha askari wanne wakamsindikiza hadi langoni.

Mize alichemsha mzizi siku tatu, akionja kwanza yeye, kama ilivyo ada ya wapika dawa. Siku ya nne malkia aliomba uji, akalalamika kuwa hauna pilipili manga. Siku ya kumi alipanda ukutani kwa miguu yake, siwa ikalia, na mvua za kwanza za masika zikalowesha mahema ya adui. Amiri akaomba sulhu.

Walipoketi mkekani, Amiri alimtambua Mize nyuma ya malkia, akamwuliza kwa upole kama mtoto alizikwa salama.

"Hapakuwa na mtoto, bwana. Ulikuwa mzizi. Malkia ameunywa."

Askari mmoja alishika upanga. Amiri aliyatazama mashavu ya malkia yaliyojaa damu, akaanza kucheka, hata kilemba kikamlegea.

"Miaka ishirini naomba dua za ushindi. Hakuna iliyojibiwa upesi kama ile ya uhai."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," malkia akasema, akamsogezea sahani ya tende.

Lakini Mize hakucheka. Alimwomba Amiri asije akaizuia maiti ya kweli kwa sababu ya mzizi ule. Amiri akamwita mwandishi. Sulhu ile ilidumu enzi za wafalme watatu, na sharti lake la kwanza lilisema kwamba anayepita amebeba sanda, kubwa au ndogo, asiulizwe neno.