Mwanga Ndani ya Damu

"Mzigo uko Madale. Unaondoka saa saba."

"Nimekupata," Nassibu, askari kanzu, akamjibu mkuu wake, akakata simu.

Saa sita na nusu alikuwa sebuleni kwa jambazi Kasimiri, juu ya ngazi, katika ovaroli ya fundi AC. Bastola yake, Glock 19, ilikuwa kwenye mkoba wa kiunoni, chini ya spana. Mezani palikuwa na mzigo wenyewe, mashine iliyoibwa maabara kwa Daktari Auleria: kisanduku kinachopitisha mwanga ndani ya seli hai za damu, na kuuona ugonjwa kabla mwenyewe hajaumwa. Kioo kikiwa kijani, u mzima. Kikiwa chekundu, Mungu akusaidie.

Nassibu aliiogopa mashine ile kuliko bunduki. Saratani ya damu ilimchukua mama yake, ikarudi kumchukua kaka yake, Marijani. Tangu hapo hakukubali kupimwa. Marehemu wake walimjia hata mchana, wakamtazama tu.

Mnunuzi, mgeni wa suti ya kijivu, alidondosha kwenye mashine damu aliyokuja nayo kwenye chupa.

Kioo kikabaki cheusi.

"Feki," akasema, akainuka.

Redio ikanong'ona sikioni: "Dakika moja. Mzuie."

Nassibu akashuka ngazi. "Bosi, hiyo damu imelala kwenye friji, seli zimekufa. Mie nimefungaga AC maabara, nawaonaga. Inataka damu ya mtu, ya sasa hivi."

"Lete kidole basi," Kasimiri akasema.

Akakitoa.

Sindano. Tone. Mwanga ukapenya.

Macho yote yakahamia kwenye kioo, na ndicho alichotaka. Yeye hakuthubutu kutazama. Aliupa mwanga mgongo, akachomoa Glock.

"Mikono juu."

Mlango ukavunjwa. Kikosi cha polisi kikamlaza mgeni sakafuni.

Kasimiri alinyanyua mikono, lakini hakuitazama bastola. Alitazama nyuma ya Nassibu, kwenye kioo, na uso wake mgumu ukalegea. Huku kwetu kuna neno ambalo hata jambazi hawezi kulimeza.

"Pole, braza," akasema.

Nassibu aliogopa, aliogopa sana. Akamfunga pingu bila kukosea, kisha akampigia Auleria.

"Mashine ipo salama, Daktari."

"Afadhali, mwanangu."

"Ugonjwa ukiwahiwa, mtu anapona?"

"Wengi wanapona."

"Jumatatu mna nafasi?"

"Ya nani?"

"Yangu."

Akavua ovaroli, akateremka kilima cha Madale juani, mikono mifukoni.