Sanduku la Vioo

Emerensiana alikuwa akichambua maharage sokoni Sumbawanga, mwaka 1973, kijana mmoja mwenye koti jeusi na suruali pana chini alipomtolea yai nyuma ya sikio.

"Dada, kuku wako anataga pabaya."

"Na mkono wako umezoea kufika pabaya," alimjibu, ila alicheka.

Huyo ndiye Saad, aliyeacha duka la baba yake akafanye mazingaombwe. Vifaa vyake alivibuni mwenyewe. Kubwa kuliko vyote lilikuwa sanduku la mninga: mtu anaingia, mlango unafungwa, ukifunguliwa hayumo. Siri ilikuwa vioo viwili vilivyokutana kwa pembe, vikionyesha kuta za sanduku kana kwamba ni tupu, na mtu akajibanza nyuma yake. Alimwonyesha Emerensiana peke yake, na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akitoweka jukwaani, akiwa na gauni lake la njano. Wakaahidiana kuoana.

Mwaka uliofuata walifanya maonyesho katika kijiji cha ujamaa karibu na Chala, alikohamishiwa mama yake Emerensiana, mjane Fransiska. Watu walikuwa wametupwa pamoja kutoka huku na huko, hawajazoeana. Wiki ile ile surua ikaua watoto wawili. Minong'ono ikaanza: binti wa Fransiska huwa anakwenda wapi akitoweka?

Saad akarudi Sumbawanga, Emerensiana akabaki kukaa na mama yake. Kisimani wanawake walinyanyua ndoo zao na kuondoka wakimwona. Akaenda posta ya Chala, akapiga simu dukani kwa baba yake Saad, akaomba aitiwe Saad.

"Saad, njoo uwaonyeshe vioo."

"Mpenzi, nikiwaonyesha nitakula nini? Vumilia kidogo, watasahau."

"Wewe unalipenda sanduku kuliko mimi."

"Eme, nisikilize..."

Emerensiana akakata simu.

Baridi ya Juni ikamshika mama kifuani. Emerensiana alibisha hodi nyumba sita akiomba baiskeli ya kumpeleka zahanati, hakuna aliyefungua. Akambeba mgongoni. Fransiska alikata roho kabla hawajafika barabara kuu.

Habari zilimfikia Saad, akaja na lori siku ya tisa baada ya mazishi. Alimwomba mwenyekiti wa kijiji, mzee Beda, awaite watu, akalifungua sanduku mchana kweupe, akaingia na kutoka, akawaita waguse vioo kwa mikono yao. Hakuna aliyepiga makofi.

"Kumbe ni hivi tu," alisema mzee Beda, akatazama chini.

Saad akamfuata Emerensiana, aliyekuwa amesimama mbali, amejitanda kanga nyeusi.

"Nimechelewa. Lakini nikuoe, Eme. Nitarudi dukani, sitaki tena mambo haya."

"Nakupenda, Saad. Sijaacha." Sauti yake ilikuwa kavu. "Lakini kila nikikutazama naisikia ile simu. Siwezi kulala na sauti hiyo maisha yangu yote."

"Na baadaye?"

"Usinisubiri."

Lori liliondoka kabla ya jioni. Asubuhi iliyofuata Emerensiana alichukua ndoo akaenda kisimani. Wanawake wakampisha atangulie, na mmoja, Kristiana, akasema kwa sauti ndogo, "Pole na msiba, mwenzetu."

Alichota maji yake, akajitwika ndoo, ndipo akaitikia.