Usizime Redio, Wifi

Fundi viatu alikuwa mtu wa kuimba. Sauti yake haikuwa ya kumtoa nyoka pangoni, lakini nyundo haikugonga bila wimbo. Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakakatika. Akawa wa kukaa kitini tu. Chakula hataki, mazoezi hataki.

Mkewe akapiga marufuku kelele nyumbani. "Mgonjwa anataka kimya," alisema.

Siku moja akaja wifi yake, dada wa fundi. Kazi yake ni kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini. Akawasha redio. Wimbo wa zamani ukalia, na machozi yakamtoka fundi. Mke akairukia redio, akaizima.

"Unamliza kaka yako! Una moyo wa jiwe?"

"Na wewe wifi, macho yako ni ya mapambo? Machozi umeyaona, mguu hukuuona? Ulikuwa unafuata ngoma!"

Mke akautazama mguu wa mumewe.

"Muziki hauishii sikioni," wifi akaeleza. "Unaingia kwenye ubongo. Unaamsha furaha, huzuni na kumbukumbu, hata sehemu zinazoongoza miguu. Si kila chozi ni la maumivu. Kiharusi kimeumiza upande wa ubongo unaotunga maneno. Kuimba hutumia na upande wa pili. Wapo wasioweza kusema, lakini huimba."

"Kwa hiyo dawa tuache?"

"Thubutu! Dawa palepale, mazoezi palepale. Wimbo unasaidia tu. Na uwe anaoupenda yeye, si wewe. Sauti iwe ya wastani. Ukiona unamsumbua, acha."

Mke akamgeukia mumewe. "Baba watoto, unataka wimbo?"

Fundi akatikisa kichwa kukubali.

Mke hakuigusa redio. Akaketi karibu naye, akagonga mkono wa kiti, akaimba wimbo wa kazi wa mumewe:

"Gonga msumari, soli ishike,
gonga tena, mguu ulale..."

Fundi akakunja uso. Midomo ikatetemeka. Mke akataka kuacha. Mara sauti ikatoka, ya kukwaruza, lakini yake mwenyewe:

"U... tem... bee!"

"Umesemaje?"

"Mguu utembee!" akaimba fundi, kwa hasira ya mtu aliyeharibiwa wimbo.

Wifi akapiga kigelegele. Mke akacheka na kulia kwa pamoja, akamshika mumewe kwapani.

"Haya, fundi, kama mimi sijui, simama unifundishe."

Na fundi akasimama.