Mama wa Sanduku la Simu

Asubuhi ile daraja lilifurika watu, na upepo wa mtoni haukuwa na adabu. Ulimpokonya fundi cherehani shela la bibi harusi alilokuwa akimpelekea mteja, ukalibwaga kifuani kwa kijana aliyejifunga mikanda na kamba, tayari kupanda kukagua zile nyaya nene zinazolishikilia daraja.

"Dada, bibi harusi wako katoroka."

"Mrudishe basi, kaka. Tena usimpake grisi!"

Ndivyo walivyoanza. Miezi mitatu, kila jioni, simu zao hazikupoa, mpaka kijana akamwomba awe mkewe.

"Nyaya zimebaki sita, mpenzi. Zikiisha, kikosi chetu kinahamia mji mwingine. Fikiri, ila usifikiri mpaka nikazeeka."

Fundi akafikiri siku nne, mguu uko kwenye cherehani, moyo haupo. Ya tano, saa nne asubuhi, akapiga simu ampe jibu. Ikapokewa. "Mpenzi, ni mimi!" akasema. Akajibu mwanamke.

"Simu yake ninayo mimi. Nimwambie ni nani anapiga?"

Akakata. Akaizuia namba ile. Kijana alipomfuata dukani, alijificha nyuma ya pazia, akasemewa hayupo. Wivu una macho ya kulia, mdomo wa kuuliza hauna.

Siku ya kumi tangu akate simu, akabeba saa aliyozawadiwa na kijana, aende airudishe. Chini ya nguzo kubwa ya daraja akamkuta mama mtu mzima, kofia ngumu juu ya kilemba, sanduku magotini, ndani simu zinalia kama vifaranga.

"Za mafundi hizi," mama akamweleza alipouliza. "Hakuna anayepanda na simu. Ikimponyoka kule juu, inaua mtu barabarani. Basi mimi ndiye mpokeaji." Akamkazia macho. "Sauti hiyo... Si wewe uliyenikatia, mwanangu?"

Fundi akatamani mto ummeze.

"Amebakiza nyaya ngapi, mama?"

"Ule anaoning'inia ndio wa mwisho."

"Mwite, tafadhali."

Mama akainua mikono yote miwili, ishara ya kushuka upesi. Kijana akateremka, jasho linamchuruzika.

"Nani ameumia?"

"Mimi. Nimejiumiza mwenyewe. Nilisikia sauti ya kike kwenye simu yako, nikakuhukumu."

Kijana akafungua mkanda mmoja mmoja.

"Siku kumi nimepanda na moyo mzito kuliko vyombo. Siku nyingine niulize. Hata kwa kunitukana, lakini niulize."

"Nitakuuliza. Lile jibu bado unalitaka?"

"Nimeshuka mbio hivi, unadhani nimefuata maji?"

"Basi ndiyo."

Mama akatoa simu moja sandukuni, akamkabidhi kijana.

"Chukua yako. Nimechoka kukatiwa."