Hedifoni Mbili za Fundi Saady

Kengele ya saa tisa na nusu ikishagongwa, wanafunzi wengine hukimbilia uwanjani. Asnath yeye alikuwa na njia yake. Alikata katikati ya soko la Kibondo, akawapita wauza maharage, akaruka mfereji, akaibukia kwenye kibanda cha fundi Saady, mtengenezaji wa redio na simu. Hapo alimkuta Badru, mtoto wa fundi, keshakalia kiti kizuri.

"Umechelewa," Badru alimwambia, kama alivyomwambia kila siku.

"Wewe ndiye umetoroka usafi."

"Sikutoroka. Niliwahi kumaliza."

Wote walikuwa darasa la sita, na wote walikuwa wanachama wa klabu ya kompyuta ya shule. Klabu yenyewe ilikuwa na wanafunzi ishirini na wawili na kompyuta moja. Kioo cha kompyuta hiyo kilikuwa na mstari wa kijani toka juu hadi chini, na zamu ya mtu ilikuwa dakika saba kwa wiki. Wadogo wa darasa la nne walikuwa wakijifunza kuchapa kwa kibodi iliyochorwa kwenye kadibodi.

Ndiyo maana tangazo la Mama Shadia liliwatia moto. Mama Shadia alikuwa mfanyabiashara wa Kasulu, mwenye duka kubwa la vifaa vya umeme. Alitangaza mashindano ya gemu kwa shule za msingi, Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Juni. Shule itakayoshinda itapewa kompyuta nne mpya.

Gemu lenyewe lilikuwa la kutafuta ngoma iliyofichwa ndani ya boma lenye vichochoro vingi. Kila timu ilikuwa na watu wawili; timu mbili huingia bomani pamoja, na inayoipata ngoma kwanza ndiyo inayoshinda raundi. Mchezaji anatembea bomani, akisikiliza nyayo za walinzi ili asikamatwe. Mwongozaji anakaa nyuma ya pazia na kipaza sauti, anaangalia ramani, anamwambia mwenzake apite wapi. Utamu wake ni huu: kila mwongozaji anaonyeshwa nusu tu ya ramani, na nusu anayoiona huyu, mwenzake wa timu pinzani haioni. Asnath alikuwa mchezaji, Badru mwongozaji, na kwa mwezi mzima walijifua kwenye kompyuta ya fundi Saady.

Siku moja kabla ya safari, fundi aliweka hedifoni mbili mezani.

"Chagua, mwanangu. Hizi mgongo wake una matundu kama chujio la chai. Ukizivaa, sauti inapumua. Nyayo utazisikia kana kwamba uko uani kwenu, na masikio hayatoki jasho. Lakini matundu hayabagui. Ya nje yanaingia, ya ndani yanatoka. Hizi nyingine zimezibwa kama sufuria yenye kifuniko. Zinabana, zina joto, sauti yake ya ndani ndani. Ila ukizivaa, dunia unaiacha mlangoni."

Asnath alizijaribu zote. Zile zilizozibwa zilimkaba kichwa kama kilemba cha kuazima. Zile za matundu zilikuwa nyepesi, na nyayo za walinzi alizisikia vizuri, huyu kulia, yule mbali kushoto.

"Nzuri ni hizi za matundu, Baba Badru."

"Nzuri kwa wapi?" aliuliza fundi. "Hapa kibandani pametulia. Kasulu utakaa wapi, unapajua?"

"Kokote nitakapokaa, nitashinda."

Fundi akacheka. Akatia hedifoni zote mbili kwenye mkoba.

Walifika Kasulu kwa basi la asubuhi, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Ukumbi ulijaa watu. Shule sita zilicheza, na ilipofika saa nane zilikuwa zimebaki mbili: Kibondo na wenyeji wao wa Kasulu. Mchezaji wa Kasulu alikuwa Nasma, msichana mwembamba mwenye macho makali. Mwongozaji wake aliitwa Bazilio. Nasma naye alikuwa na hedifoni za matundu. Zilizozibwa alikuwa nazo mkobani, ila alisema zinambana juu ya hijabu.

Kabla ya kuanza, Bazilio alimnong'oneza Nasma kwa Kiha, lugha ya wenyeji wa huko, mbele ya Asnath bila wasiwasi: "Nitakuongoza kwa Kiha. Yule mwongozaji wao nitakayekaa naye nyuma ya pazia asielewe."

"Na huyu je?" Nasma aliuliza, naye kwa Kiha.

"Huyu mgeni. Binti wa Mpare, atajulia wapi?"

Asnath alikaza uso. Ni kweli baba yake, ofisa ugani Elisante aliyejulikana hadi Kasulu, alitoka Same kwa Wapare. Lakini yeye alizaliwa Kibondo, na mama yake alipokuwa kazini, aliyemlea ni Bibi Odilia wa Murungu, ambaye hata akiota anaota kwa Kiha. Mgeni! Lile neno lilimchoma. Akanyamaza.

Mshindi angekuwa yule wa kwanza kushinda raundi mbili. Raundi ya kwanza Nasma alicheza vizuri, akaipata ngoma, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Kibondo sifuri, Kasulu moja.

Raundi ya pili ilipotaka kuanza, umeme ukakatika. Mama Shadia akaamuru jenereta liwashwe. Likaanza kunguruma nje ya dirisha, na watazamaji nao wakapaza sauti ili wasikilizane. Nasma hakumsikia Bazilio sawasawa. Akaongeza sauti. Bado. Akaongeza tena hadi mwisho, ndipo akaanza kumpata.

Hapo ndipo matundu yalipofanya kazi yake. Meza zao zilikuwa zimekaribiana kiasi cha kugusana viwiko. Sauti ya Bazilio ilitoka kwenye hedifoni za Nasma, ikaingia kwenye za Asnath, nyembamba kama ya nzi ndani ya chupa, lakini kila neno lilieleweka. "Pita nyuma ya ghala," Bazilio alikuwa akisema kwa Kiha. "Ngoma iko kisimani. Zunguka kwanza, mlinzi yupo."

Asnath hakuzunguka. Alikuwa karibu zaidi, upande usio na mlinzi. Alikata njia hadi kisimani, akaichukua ngoma. Kibondo moja, Kasulu moja!

Watu wa Kibondo walirusha kofia. Yeye alitabasamu, ila tabasamu halikushuka hadi tumboni.

Badru alitoka nyuma ya pazia mbio, akamvuta pembeni. "We Asnath, ramani yangu haikuwa na kisima. Nilikuwa nakuambia urudi uwanjani. Kisima umekijuaje?"

Asnath akamweleza.

Badru alifumba mdomo kwa mkono ili asicheke kwa sauti. "Allah! Si wamejiroga wenyewe? Walikuita mgeni, basi mgeni awanyooshe. Nani kakukataza kusikia? Vaa zile zile. Raundi moja tu, tunapakia kompyuta nne kwenye basi."

"Sio haki, Badru."

"Haki gani? Uliwachungulia? Uliwaibia? Wao ndio wamepiga kelele."

Maneno ya Badru yalifanana sana na yale Asnath aliyojiambia mwenyewe muda mfupi uliopita. Akafikiria watoto wa darasa la nne na kibodi yao ya kadibodi. Kisha akapata njia ya katikati. Alimwendea fundi Saady aliyekuwa ameketi mstari wa mbele.

"Baba Badru, nipe zile zilizozibwa."

Fundi akamtazama. "Jana zilikukaba."

"Za Nasma zinavuja. Nasikia kila anachoambiwa. Sasa sitaki kusikia."

Fundi alifungua mkoba taratibu. Hakumpa upesi. Alizishika magotini akazipangusa kwa pindo la shati.

"Raundi ya pili ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukatumia?"

Asnath akatazama viatu vyake. "Nilitumia."

"Haya, shika. Hedifoni nzuri hizi, zitakuzibia ya mbele. Ya nyuma hazizibi."

Akamkabidhi, akageuka kutazama jukwaa, kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Asnath alisimama pale na hedifoni mkononi. Angeweza kurudi kwenye kiti chake. Hakuna aliyejua ila watu watatu, na wote wa Kibondo. Badala yake alipita mbele ya ukumbi mzima hadi kwa Mama Shadia, akampa mkono kwa heshima.

"Shikamoo, Mama. Raundi ya pili haikuwa yetu. Nilimsikia Bazilio kwenye hedifoni za Nasma. Nikaenda alikomwelekeza mwenzake."

"Bazilio alikuwa anaongea Kiha," alisema Mama Shadia. "Wewe si mtoto wa..."

Asnath akageuka kwa Nasma na Bazilio, akawaambia kwa Kiha safi, kile cha Bibi Odilia chenye mivuto yake yote: "Mimi si mgeni. Nimezaliwa Kibondo. Na niliposikia mkiniita mgeni, niliona hasira, ndiyo maana nikanyamaza. Nimekosa."

Bazilio alitazama dari. Kisha bibi mmoja wa nyuma akaangua kicheko, "Huyo wa kwetu huyo!" na watu wakacheka naye.

Mama Shadia hakucheka. "Raundi ya pili imefutwa. Itarudiwa. Kasulu wanaongoza moja bila. Meza zitenganishwe, moja kule, moja huku. Nasma, unataka kubadili hedifoni?"

"Hizi nimezizoea," alijibu Nasma.

Asnath alipopita karibu na pazia, Badru hakumtazama. "Nne," alisema tu. "Kompyuta nne, Asnath."

Basi akakaa, akavaa zile zilizozibwa. Zikamkaba. Jenereta likapotea, watu wakapotea, ikawa kama kajifunika blanketi. Nyayo za walinzi zilisikika, lakini hakujua vizuri zinatoka upande gani. Sasa sikio lake lilikuwa Badru peke yake, na Badru alikuwa kimya.

Alitembea kichochoro cha kwanza. Kimya. Cha pili. Kimya.

Halafu sauti ikaja, safi kabisa, kana kwamba Badru kaketi ndani ya kichwa chake. "Asnath. Bado nimekasirika. Kulia."

Akakata kulia.

"Simama. Mlinzi anapita. Nimekasirika sana, ujue. Haya, sasa nenda, ngazi ya pili, chini."

Asnath alicheka peke yake huku akikimbia, na watazamaji hawakujua anacheka nini. Huko upande wa pili Nasma alikuwa akiinamisha kichwa na kupunga mkono kuelekea pazia, "Nini? Sema tena!" maana kelele za ukumbi, ambazo sasa zilikuwa zimezidi, zilikuwa zikipita kwenye matundu yake. Ngoma ilikuwa chini ya ngazi. Asnath akaichukua. Kibondo moja, Kasulu moja, na safari hii tabasamu lilishuka mpaka chini.

Raundi ya tatu Nasma alipigana kwelikweli. Waliifikia ngoma karibu sawa, mmoja akitokea ghalani na mwingine uwanjani. Bazilio alisema "ingia" mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Nasma hakusikia. Badru alisema mara moja. Hiyo ndiyo ilikuwa tofauti yote.

Kompyuta zilipokuwa zikipakiwa kwenye buti la basi, Nasma alikuja akisugua masikio. "Yanalia wiii," alisema.

"Umefungua sauti mpaka mwisho, mwanangu," fundi Saady alimwambia. "Sikio halina vipuri. Likiharibika mimi siwezi kulitengeneza, na kibandani kwangu hakuna la kuuza. Mahali pa kelele vaa zilizozibwa, upunguze sauti. Za matundu ziweke za nyumbani, palipotulia."

Nasma akaitika. Kisha akamgeukia Asnath, akamwambia kwa Kiha, "Mwakani uje tena, mgeni."

"Nani mgeni?" Asnath aliuliza kwa Kiha.

"Kasulu hapa, wa Kibondo wote wageni," alijibu Nasma, wakacheka wote wawili.

Ndani ya basi Badru alikaa dirishani, kajikunja. Walipoanza kuuacha mji akasema, "Baba, kama tungeshindwa je? Ungesema nini?"

"Ningesema haya haya," alijibu fundi. "Sikilizeni nyote wawili. Kusikia kulimjia Asnath bila kutaka, hilo si kosa. Kosa lilikuwa kwenda kisimani. Na kubadili hedifoni kimyakimya kungekuwa kuanza kuwa mwaminifu kuanzia pale ulipokwisha kufaidika. Uaminifu wa hivyo una mgongo wa matundu, unavuja. Mtu mwaminifu hurudi nyuma akakitoa na kile alichokwisha kuchukua, hata kama yeye ndiye atakayepungukiwa. Leo mngeweza kurudi mikono mitupu, na bado ningekaa nanyi kiti kimoja bila aibu."

Badru alijinyoosha kitini. "Basi mimi sijakasirika tena."

"Ulikasirika mpaka raundi ya ngapi?" Asnath aliuliza.

"Mpaka ile ngazi ya pili."

Jumatatu, ingawa ilikuwa likizo, wanafunzi ishirini na wawili walifika shuleni. Zamu ikapangwa upya, dakika thelathini na tano kwa mtu kwa wiki. Mtoto mmoja wa darasa la nne aliweka vidole kwenye kibodi ya kweli, akabonyeza herufi moja, akashtuka ilipotokea kwenye kioo. Ile ya kadibodi Asnath aliibandika ukutani, na chini yake akatundika hedifoni mbili ambazo fundi Saady aliwaachia. Kila mtoto aliyeuliza zipi ni nzuri, alimjibu kwa swali.

"Nzuri kwa wapi?"